Kuku Aliyepandisha Bima ya Mama Breki

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, uwanja wa mazoezi bado una umande, na mguu wa kulia wa Mama Breki tayari uko kazini. Umetulia juu ya breki ya pili, ile iliyofungwa upande wa abiria kwa ajili ya mwalimu, kama paka anayevizia mlangoni pa panya.

Nyuma ya usukani yupo nesi wa miaka ishirini na sita, ameushika usukani kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya. Anarudi nyuma taratibu. Anatazama kioo cha kulia, anatazama cha kushoto, cha katikati anakisahau. Koni ya plastiki inalala chini bila kulalamika.

"Umeua," anasema Mama Breki.

"Nimeigusa tu, Mwalimu."

"Marehemu wengi waliguswa tu. Zima gari."

Nesi anadhani yamekwisha. Mwalimu wake anashuka, anazunguka nyuma, anainama, anapitisha kidole kwenye rangi ya bampa kama anayetafuta vumbi kwenye kabati la jirani. Halafu anavuta daftari lenye jalada gumu la bluu kutoka chini ya kiti. Anaandika tarehe, saa, na maneno manne: "Koni. Rivasi. Hakuna alama." Anatia saini, kisha anampa nesi kalamu naye atie.

"Hata koni?" nesi anauliza.

"Hata inzi. Watu wa bima, mwanangu, ukiwaachia tundu la sindano watapitisha lori."

Mama Breki ana miaka hamsini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti cha kushoto cha magari ya mafunzo. Jina alipewa na wanafunzi, na sababu anaijua kila aliyewahi kugonga pua kwenye usukani kwa breki zake. Amefundisha watu zaidi ya mia sita. Wengine siku hizi wanampita barabarani bila salamu, lakini anawatambua kwa jinsi wanavyokata kona.

Gari lake ni dogo, jeupe, lina bango la "MWANAFUNZI" juu ya paa na viraka vya rangi visivyokubaliana kuhusu weupe wenyewe. Ndilo shule, ndilo ofisi, ndilo shamba lake. Na Jumatatu hii, ndani ya kisanduku kilicho mbele ya kiti chake, kuna barua aliyoisoma mara nne na kuikunja mara tano.

Barua ni ya kampuni ya bima. Stika ya gari inakwisha Jumamosi. Kuiendeleza mwaka mwingine, anatakiwa kulipa zaidi. Zaidi sana.

Hesabu zake, Mama Breki hazifanyi kwa noti. Anahesabu kwa wanafunzi, yaani ada ya mtu mmoja kwa kozi nzima ya wiki sita. Miaka mitatu iliyopita bima ilimla wanafunzi watatu. Mwaka uliofuata ikala wanne, mwaka jana ikala watano. Mwaka huu imekuja na njaa mpya, inataka saba.

"Kwa mwaka mzima nafundisha watu thelathini na sita," anasema. "Saba kati yao nitakuwa nawafundisha kwa niaba ya kampuni. Kampuni yenyewe haijawahi kuja hapa hata kuokota koni."

Bima ndogo, ile inayomlipa mtu uliyemgonga tu, gari la shule ya udereva haliruhusiwi kuitumia. Ni bima kubwa au hakuna kazi. Na Jumatatu inayofuata, siku mbili baada ya stika kufa, wanafunzi wake sita wana mtihani. Kituo cha mtihani hakipokei gari la shule lisilo na bima. Anayekosa nafasi yake husubiri miezi mitatu.

Kwa nesi, miezi mitatu ni sawa na kamwe. Zahanati imempa kazi ya kuzunguka vijijini kuchanja watoto, kwa sharti la kuleta leseni kabla ya mwisho wa mwezi. "Nisipoipeleka, nafasi inakwenda kwa mwenzangu," anasema. "Namjua. Leseni anayo, tena anapenda kuitoa mfukoni bila kuulizwa."

Mama Breki ana uhakika wa jambo moja. Katika miaka minane aliyokuwa na kampuni hiyo hajawahi kudai fidia hata senti moja. Mtu asiyedai anapandishiwaje bei? Kwake jibu lilikuwa rahisi: kuna mtu anakula.

Na mtu huyo alikuwa na jina. Shemeji.

Shemeji ni mdogo wa mumewe, wakala wa bima, mtaani wanamwita Stika. Ndiye aliyempeleka kwenye kampuni hiyo. Anatembea na mkoba ambao kufuli lake lilikufa zamani, akaufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Si picha ya mtu aliyeshiba, lakini Mama Breki haangalii mkoba. Anaangalia chini.

"Mwaka huu nimemwona na viatu vipya pea mbili," anasema. "Pea mbili za nini? Ana miguu minne?"

Ushahidi wa pili ulikuwa mzito zaidi. Miaka michache nyuma, Shemeji alimshauri aache kupigia simu ofisi ya bima kila mara. "Mtu mwema anakukatazaje kuzungumza na ofisi?" aliuliza wakati ule, na amekuwa akiuliza hadi leo.

Ieleweke kwamba Shemeji hakuonewa peke yake. Kwenye kituo cha mafuta Mama Breki hushuka na kusimama uso kwa uso na mashine, namba zisije zikaruka. Saa ya ukutani kwake huhojiwa na saa ya simu kila asubuhi. Mumewe, fundi wa redio aliyezoea, ana maelezo mafupi: "Mke wangu akifika peponi, atamwomba malaika risiti ya safari."

Lakini wasiwasi huo ulizaliwa na jambo la kweli. Miaka kumi na moja iliyopita, akiwa na kampuni nyingine ya bima, mwanafunzi alikanyaga mafuta badala ya breki na kuliingiza gari ukutani. Mama Breki alishughulika kwanza na mwanafunzi, aliyeumia mkono. Akaripoti siku ya tano. Kampuni ikamwonyesha mstari mmoja kwenye mkataba: taarifa itolewe ndani ya siku mbili. Hawakumlipa kitu. Gari lilikaa kwa fundi miezi minne, na miezi minne hiyo familia iliishi kwa redio za watu.

"Nikaapa," anasema. "Kuanzia siku hiyo, gari likipiga chafya, watajua."

Ndipo likanunuliwa daftari la bluu. Kila tukio linaandikwa na kutiwa saini, na kila Ijumaa ukurasa unapigwa picha na kutumwa moja kwa moja ofisini. Kwa Shemeji hautumwi. Shemeji angeweza kuuficha.

Jumanne asubuhi, akiwa amewapa wanafunzi mapumziko, Mama Breki alivaa gauni lake la kuendea benki na kwenda kutafuta bima kwingine.

Ofisi ya kwanza ilikuwa na kiyoyozi, viti laini na bakuli la pipi mezani. Kijana mwenye tai alimkaribisha kama shangazi aliyetoka safari ndefu. Akabonyeza kompyuta mara sita, akatoa bei: wanafunzi watatu.

"Watatu?" Mama Breki aliuliza. Alikuwa amekuja kupigana na sasa hakuona wa kumpiga.

"Watatu nini, Mama?"

"Usijali. Nipe mkataba nikausome nyumbani."

"Si lazima usome wote, Mama. Ni mambo ya kawaida tu."

Hapo ndipo kijana alipoharibu. Mtu ukimwambia Mama Breki asisome, umempa kazi ya siku nzima. Alichukua karatasi, akachukua na pipi mbili ili safari isiwe ya hasara, akaenda moja kwa moja hadi kibandani kwa mumewe. Huko kuna kioo cha kukuzia anachotumia kuunga nyaya za redio. Akakiazima, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza na herufi zile ndogo ambazo mtu huandika akitumaini hazitasomwa.

Ukurasa wa saba akaguna. Mumewe akazima redio aliyokuwa akiijaribu, maana mguno huo anaujua.

"Wanasema hawatalipa kitu kama gari linaendeshwa na mtu asiye na leseni," akasema.

"Hiyo si ni haki?"

"Mume wangu, mimi nafundisha kina nani?"

Fundi wa redio akafikiri. "Wasio na leseni."

"Wenye leseni wanakuja kwangu kufanya nini? Kunisalimia?"

Kwa wanafunzi watatu, basi, angekuwa na stika nzuri kwenye kioo na hewa tupu nyuma yake. Alirudi Jumatano, akaweka karatasi mezani, akaweka kidole kwenye mstari. Kijana alisoma, akakiri kwamba alitumia fomu ya magari ya kawaida, akabonyeza tena. Bei ya shule za udereva ikatoka: wanafunzi watano na nusu. Tena aliomba barua kutoka kampuni ya zamani, inayoonyesha historia ya gari.

"Jana hukuitaka," Mama Breki alimwambia.

"Jana nilikosea, Mama."

"Jana ulikosea kwa bei nzuri."

Pipi hakuchukua siku hiyo. Tangu hapo kampuni hiyo, katika mazungumzo ya nyumbani, inaitwa Ya Pipi.

Ofisi ya pili haikuwa na pipi wala kiyoyozi. Ilikuwa juu ya duka la viatu, ghorofa ya tatu, ngazi sabini na mbili. Alizihesabu wakati wa kupanda, akazihakikisha wakati wa kushuka. Ndani alikuwemo mama mmoja wa makamo, feni moja, na kabati la chuma. Hiyo akaibatiza Ya Ngazi.

Mama yule hakumpigia hesabu kabisa. "Niletee kwanza barua ya historia," alisema. "Siwezi kukupa bei ya gari nisilolijua. Nikikupa leo, kesho nitaibadilisha, nawe utaniita mwongo."

Mama Breki alikiri baadaye kwamba kauli hiyo ilimpendeza, ndiyo maana akaitilia shaka papo hapo.

Alhamisi asubuhi nesi alikuwa amekwishajifunza kuutazama mstari wa tarehe ya stika kwenye kioo cha mbele zaidi ya barabara.

"Mwalimu, Jumatatu tupo?"

"Kwa nini tusiwepo? Nani kakuambia nini?"

"Hakuna aliyeniambia. Stika inasomeka hata kwa ndani."

"Soma barabara. Mambo ya stika niachie."

Saa nne alikuwa kwenye kaunta ya kampuni ya zamani. Binti wa kaunta alichapa barua ya historia, ukurasa mmoja na nusu, akaipiga mhuri. Mama Breki akaisoma hapo hapo, amesimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mistari ilikuwa ile ile.

"Hizi ajali ishirini na tatu ni za nani?"

"Zako, Mama. Za miaka mitatu."

"Mtu aliyepata ajali ishirini na tatu anakuja hapa kwa miguu yake? Si angeletwa?"

Hakungoja jibu. Alitoa simu akampigia Shemeji, na foleni nzima ikasikia. "Njoo ofisini kwenu sasa hivi. Na viatu uje na pea zote mbili."

Shemeji alifika baada ya nusu saa, jasho likimtoka, mkoba kifuani. Mama Breki hakumsalimia. Alikuwa ameshalitoa daftari la bluu na kuliweka kaunta kwa kishindo cha mtu anayemaliza mchezo wa karata.

"Huu ndio ukweli," akamwambia binti. "Umeandikwa siku ile ile na una saini. Soma ajali zenu moja moja, mimi nitatazama humu. Uongo utajitokeza wenyewe."

Binti akaanza. "Tarehe nne, mwezi wa pili. Koni."

Mama Breki akafunua. "Koni. Hiyo ipo. Endelea."

"Tarehe kumi na tisa. Tairi la kushoto, ukingo wa barabara."

"Ipo."

"Ndoo ya mpaka rangi."

"Ndoo yenyewe ilikuwa imekaa njiani. Ipo."

"Bango la 'Punguza Mwendo'."

"Tulikuwa tumeshapunguza. Ipo."

"Kuku."

Nyuma kwenye foleni mtu alikohoa kikohozi chenye meno.

"Kuku alikufa?" Shemeji aliuliza kwa upole wa msibani.

"Alipigwa na upepo tu, akaenda zake. Nina hakika jioni alitaga."

"Sasa uliripoti nini, Shemeji?"

"Kuku ana mwenyewe. Mwenyewe angeweza kuja mwezi unaofuata akidai nimemuua. Ningesema nini? Kwamba nilinyamaza?"

Binti akaendelea. Koni. Koni. Kioo cha pembeni na tawi la mti. Ukingo wa barabara. Kufikia mstari wa kumi, sauti ya Mama Breki ilikuwa imeshuka kama redio inayoishiwa betri. Kufikia wa kumi na tano, hakusema "ipo" tena, aliitikia kwa kichwa tu. Mstari wa ishirini na tatu ulikuwa koni, na koni nayo ilikuwepo kwenye daftari, ukurasa wa kulia, na saini mbili chini yake.

Hakukuwa na mwizi. Mashahidi wote waliompandishia bei alikuwa amewaandika kwa mkono wake.

Binti alimweleza bila kumcheka, na kwa hilo alistahili sifa. Zamani picha za daftari zilikuwa zikichapwa na kuwekwa kwenye faili ambalo hakuna aliyelifungua. Miaka mitatu iliyopita kampuni ilihamishia kazi kwenye kompyuta. Mashine haijui kutofautisha koni na ukuta. Kila taarifa iliyoingia iliihesabu kama tukio, na kila tukio likavuta bei juu.

"Faili lilikuwa na adabu," Mama Breki alisema.

"Mwaka ule nilikwambia," Shemeji alisema. "Nikakuambia ya koni yaandike ukae nayo, ripoti lenye gharama au lenye mtu. Ukaniuliza naficha nini."

"Nilikuuliza kwa sababu hukunieleza."

"Nilianza kueleza ukanikatia simu."

Mama Breki alitazama sakafu, na huko akakutana tena na vile viatu. Hakuweza kujizuia.

"Na hivyo?"

"Hivi kanipa kaka. Mume wako. Vilikuwa vinambana."

Miaka ishirini na saba ya ndoa, na viatu vya mumewe hakuvitambua. Shemeji, bila kuulizwa zaidi, aliongeza kwamba fungu analopata kwa mwaka kutokana na bima yake halifiki hata mwanafunzi nusu. "Labda yule ambaye hajajifunza rivasi."

Mtu mwingine angekwenda nyumbani kulala. Mama Breki alivuta kiti.

"Mwanangu," akamwambia binti, "kati ya hizi ishirini na tatu, ngapi mlinilipa?"

"Hakuna, Mama. Hukudai."

"Basi iandike hivyo. Taarifa ishirini na tatu, madai sifuri, malipo sifuri."

"Mfumo hauna nafasi ya kuandika hivyo."

"Mkono je?"

Binti alitazama mlango wa bosi wake. Alitazama foleni, iliyokuwa imeacha kujifanya haisikilizi. Akaingia ndani. Dakika ishirini baadaye akatoka na barua ile ile, imeongezwa mistari miwili kwa kalamu, na mhuri juu ya mistari hiyo. Bosi alikubali pia kushusha bei ya mwaka huo kutoka wanafunzi saba hadi sita, "kwa kuthamini uaminifu wako".

"Uaminifu wangu una mwanafunzi mmoja tu?" Mama Breki aliuliza. Akashukuru, akaondoka na barua.

Ijumaa alirudi kwenye kampuni zote mbili akiwa na Shemeji. Alimchukua kwa sababu anayajua maneno yao, ingawa kila mlangoni alimtangulia hatua mbili ili aonane na watu wa ofisi kabla Shemeji hajawakonyeza. Kila ofisi aliwapa barua ile, na kila ofisi aliwauliza swali moja tu: nikiripoti mkwaruzo nisioudai, bei ya mwakani itapanda? Kisha akaongeza: usiniambie, niandikie.

Ya Pipi walisoma barua wakafurahi. Bei yao ilishuka hadi wanafunzi watatu na nusu, na safari hii ilikuwa fomu sahihi, aliikagua kwa kioo cha mumewe hapo hapo mezani. Kuhusu swali, kijana alitabasamu. "Mama, hilo lisikusumbue. Mambo hayo hutegemea mfumo."

"Niandikie basi kwamba hutegemea mfumo."

Kijana alisema kuandika hakuruhusiwi. Akasogeza bakuli la pipi.

Ya Ngazi bei ilikuwa wanafunzi wanne, na gharama ya mikwaruzo midogo Mama Breki angeibeba mwenyewe. Shemeji, aliyefika juu akipumua kama baiskeli yenye pancha, alimnong'oneza kwamba Ya Pipi ni nafuu kwa mwanafunzi nusu. Mama Breki hakugeuka. Alikuwa anamtazama yule mama wa makamo, ambaye alikuwa amechukua karatasi yenye nembo ya kampuni na kuanza kuandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa zamani. Taarifa zitapokelewa na kuwekwa. Bei ya mwaka unaofuata itaangalia madai yaliyolipwa peke yake. Akatia jina, saini na mhuri.

Mama Breki aliisoma mara tatu. Kisha akamwomba aandike pia tarehe.

"Nusu mwanafunzi ni pesa, Shemeji," Shemeji alimwambia wakishuka.

"Ni pesa. Lakini yule wa pipi ameogopa kalamu. Mtu anayeogopa kalamu anajua atakachofanya mwakani."

Alilipa Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla stika ya zamani haijafa. Aliibandika mpya mwenyewe. Halafu akatoka nje kuitazama, kuhakikisha kuwa inasomeka pia kwa nje.

Sasa ni Jumatatu, saa tano na dakika kumi, nje ya kituo cha mtihani. Watano kati ya wanafunzi sita wamepita. Wa sita, kijana muuza mboga aliyewasha vifuta maji badala ya taa ya kukatia kona, atarudi baada ya miezi mitatu, na kosa la bima halimo.

Nesi ndiye wa mwisho kutoka. Anakuja na karatasi mkononi, anatembea kama mtu anayezuia miguu isikimbie. Amepita. Anataka kuchukua mkoba wake garini, anafungua mlango kwa furaha yote ya wiki sita, na mlango unakwenda kusalimiana na nguzo ya geti.

Kinatoka kimlio kifupi. Wanafunzi wote wanamgeukia mwalimu.

Mama Breki anashuka. Anainama, anapitisha kidole. Kuna mkwaruzo wa urefu wa kiberiti. Shemeji, aliyekuja kuona kama stika inakubaliwa, anafumba macho.

"Shemeji," anasema bila kuyafumbua, "tafadhali. Huo ni rangi tu."

"Ninajua ni rangi." Daftari la bluu limeshatoka. Tarehe, saa, "Mlango. Nguzo. Urefu wa kiberiti." Anatia saini, anampa nesi kalamu, anapiga picha ukurasa na kuutuma kwa mama wa Ya Ngazi. Kisha anatoa ile karatasi ya mwandiko wa polepole, iliyokwisha kuvalishwa plastiki, na kuichomeka katikati ya daftari.

Mpango wake wa mwakani tayari anao. Walimu wa udereva wanaotumia uwanja ule ni tisa, kila mmoja anakwenda kwenye kampuni peke yake na kurudi peke yake akilalamika. Anataka waende pamoja, magari tisa kwa mara moja, na swali lake lile likiwa mbele. Wanane wamekubali. Wa tisa ameuliza nani atashika fomu za wote.

"Nimemwambia mimi," anasema. "Kanitazama vibaya. Nimempenda, huyo ana akili."

Simu inalia kidogo. Jibu kutoka ghorofa ya tatu: "Imepokelewa. Asante kwa taarifa." Mama Breki analisoma, anaionyesha simu kwa Shemeji, kisha anairudisha mfukoni haraka kabla Shemeji hajaishika.

"Asante wamesema. Tutaona," anasema. "Mwakani tarehe kama ya leo nitazipanda zile ngazi sabini na mbili. Wakipandisha hata senti moja kwa ajili ya nguzo hii, sitagombana na mtu. Nitawasomea mwandiko wao wenyewe, kwa sauti, foleni ikisikiliza."

Anaingia kwenye kiti cha kushoto na kufunga mkanda. Leo nesi ndiye anayewarudisha nyumbani, kwa mara ya kwanza bila kulazimika kukaa na mwalimu. Mguu wa kulia wa Mama Breki, hata hivyo, unarudi juu ya breki.